Nyasi Zinazoishika Shaba: Kutoka Kasumbalesa hadi Fungurume

Wakazi wa Dar es Salaam wanaijua Katanga kwa bamba za shaba zinazoteremka kwa malori kupitia Tunduma hadi bandarini, na kwa wengi wao ujuzi huo unaishia hapohapo, kwa kuwa mzigo ukishapakiwa melini hakuna anayeuliza ardhi iliyoutoa imebaki katika hali gani. Msafiri anayeifuata njia hiyo kinyume, akapanda Zambia na kuvuka mpaka wa Kongo pale Kasumbalesa, hufika Lubumbashi, mji ulioyeyusha madini kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini na ambao kwa sababu hiyohiyo umekuwa mahali muhimu pa kuchunguzia namna mimea na vijidudu vya udongoni vinavyoweza kuitibu ardhi iliyotiwa sumu. Mgeni hujifunza upesi kwamba tiba hiyo haifanani na sifa zinazosimuliwa juu yake, kwa maana shaba iliyomwagika ardhini haitoweki kwa kupandiwa maua, na kazi kubwa ya mmea katika nchi hii ni kuishika sumu mahali ilipo ili isipande hewani, isiteremke mtoni, wala isiingie chunguni.

Njia ya kutoka mpakani hupita katika mabaki ya msitu wa miombo, ambao Septemba huchipua majani mekundu hata kabla ya mvua kunyesha, na kando ya barabara hupangwa magunia ya makaa ambayo yanaeleza bila maneno ni kwa nini msitu huo umepungua kadiri mji unavyokaribia. Katikati ya miti husimama vichuguu vikubwa vya mchwa, vingine virefu kuliko nyumba, ambavyo wenyeji huvibomoa na kuufyatua udongo wake matofali, kwa hiyo sehemu kubwa ya mji imejengwa kwa udongo uliokwisha kupandishwa na wadudu. Kiswahili husikika tangu forodhani, kikiwa na lafudhi na misamiati yake, na mtu wa pwani hupata kiasi cha kujiona yuko nyumbani anapoelekezwa kwenye mtaa uitwao Kenya, ambao ni mojawapo ya komyuni za Lubumbashi, au anapoandaliwa bukari, yaani ugali wa mahindi ambao mara nyingi huchanganywa na unga wa muhogo, pamoja na sombe (kisamvu) iliyotwangwa na ndakala (dagaa) waliokaushwa.

Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, na mwaka 1911 tanuri la kuyeyushia shaba likaanza kazi kando ya mto Lubumbashi, likilishwa mawe ya mgodi wa Étoile ambao wenyeji huuita Kalukuluku. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliyolijenga ilitaifishwa mwaka 1967 na shughuli zake zikawa mikononi mwa kampuni ya taifa, Gécamines, lakini moshi haukubadili mwelekeo kwa kubadilika kwa mwenye mali, kwa sababu pepo za kiangazi hapa huvuma zaidi kutoka kusini-mashariki na kwa miongo mingi zilikuwa zikiusukuma kuelekea kaskazini-magharibi. Moshi huo ulibeba gesi ya salfa dioksidi, ambayo ikikutana na unyevu hugeuka asidi, na pia vumbi laini la shaba, zinki, kobalti, risasi, kadimi na aseniki, hivyo miti iliyokuwa chini ya njia yake ilikufa, udongo ukawa mchachu, na mvua zikauchukua udongo wa juu ambao haukuwa tena na mizizi ya kuushikilia. Bomba refu la moshi na kilima cheusi cha mabaki ya tanuri vingali vikionekana kutoka karibu kila upande wa mji, na wakazi wamevizoea kiasi kwamba huvichora katika picha za kuuza kwa fahari ileile ambayo watu wa Mombasa wanazichora kwayo pembe za ndovu za barabara ya Moi.

Mtaa wa Penga Penga uko ndani ya njia hiyo ya moshi, na ni hapo ambapo athari zake zinasomeka vizuri zaidi, kwa kuwa baina ya nyumba na mashamba yapo mabaka ya ardhi tupu ambayo hayakuota kitu kwa miaka mingi ingawa mvua ya mwaka huzidi milimita elfu moja. Udongo huo ni wa kahawia iliyofifia, una ganda gumu juu, na ukivunjwa kwa kisigino hutoa unga mwepesi unaopeperuka kwa upepo mdogo wa alasiri. Vipimo vya maabara vimeonyesha kuwa sehemu zake zina maelfu ya miligramu za shaba kwa kila kilo, wakati udongo wa kawaida huwa na makumi tu. Lakini macho yakishazoea huona kwamba mabaka hayo si matupu kabisa, kwani kwenye kingo zake hujitokeza mashungi mafupi ya nyasi nyembamba, yaliyokaribiana, yenye majani makavu yaliyosokotana chini na mizizi mingi iliyolishika ganda la juu kama ukindu ulivyoshikana katika mkeka. Nyasi hizo ni Microchloa altera, spishi ya asili ya vilima vya shaba vya Katanga, ambayo haikuletwa na mtu yeyote bali ilijitanua yenyewe katika ardhi ambayo mimea mingine imeshindwa kuishi.

Ili umuhimu wa mashungi hayo ueleweke, ni lazima kutofautisha njia mbili ambazo watu huzichanganya wanapozungumzia usafishaji wa ardhi kwa mimea. Njia ya kwanza ni ya kuchota, ambapo mmea hufyonza metali kwa mizizi, huipandisha majanini, kisha huvunwa na kuondolewa, ili metali ipungue udongoni msimu baada ya msimu. Njia ya pili ni ya kutuliza, ambapo mmea unaostahimili sumu hupandwa ili mizizi yake ifunge udongo, majani yake yazuie upepo na matone ya mvua, na metali ibaki chini bila kupanda sana majanini. Njia ya kwanza ndiyo iliyopata umaarufu duniani, hasa baada ya mtafiti R. R. Brooks na wenzake kuipa jina mwaka 1977 jamii ya mimea milimbikizi, yaani ile inayohifadhi ndani ya majani yake metali nyingi ajabu kuliko mimea ya kawaida, na kufikia mwaka 2018 orodha ya mimea hiyo ilikuwa na spishi 721, zaidi ya 500 kati yake zikiwa za kulimbikiza nikeli.

Katanga ilikuwa na nafasi ya pekee katika historia hiyo, kwa sababu watafiti kama Paul Duvigneaud, na baadaye François Malaisse, walikwisha kueleza mimea ya vilima vyake inayoota pale tu penye shaba na kobalti. Uliojulikana zaidi ni Haumaniastrum katangense, mmea wa msimu mmoja wa jamii ya mrehani, wenye maua ya zambarau, ambao watafutaji wa madini waliufuata kama alama ya shaba iliyo chini, na wanaakiolojia nao wakautumia kugundua mahali palipokuwa na tanuri za kale, kwa kuwa mabaki ya uyeyushaji wa mababu yaliacha udongoni shaba ya kutosha kuulea hadi leo. Vipimo vya mwanzo vilionyesha viwango vikubwa sana vya shaba katika majani ya mimea ya namna hii, na ikatarajiwa kwamba Katanga ingekuwa na dawa yake yenyewe mlangoni. Hata hivyo, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 na Michel-Pierre Faucon na wenzake ulirudia vipimo hivyo baada ya kuyaosha majani kwa uangalifu, na ikaonekana kuwa sehemu ya shaba iliyodhaniwa kuwa ndani ya jani ilikuwa vumbi lililoganda juu yake.

Hata kama viwango vile vya zamani vingekuwa sahihi, hesabu ya kawaida inatosha kuonyesha ugumu wa kuchota shaba kwa mimea katika ardhi ya aina hii. Hekta moja ya udongo wa Penga Penga, ikihesabiwa hadi kina cha sentimita 20, ina uzito wa karibu tani 2,600, na ikiwa kila kilo ina gramu 10 za shaba, basi hekta hiyo imebeba tani 26 za metali. Mmea unaohifadhi gramu moja ya shaba katika kila kilo ya majani makavu, na unaotoa tani tano za majani kwa mwaka, utaondoa kilo tano tu kila mwaka, kwa hiyo itachukua zaidi ya miaka elfu tano kuimaliza shaba hiyo. Hesabu hii haiipuuzi njia ya kuchota mahali pengine, kwa mfano katika baadhi ya udongo wa Albania ambako mimea hulimwa kwa ajili ya nikeli iliyomo ndani yake, ila inaeleza kwa nini watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wakiongozwa na Mylor Ngoy Shutcha kwa kushirikiana na wenzao wa Ubelgiji, waliyaacha maua wakageukia nyasi.

Majaribio yao, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2010 na mwaka 2015, yalilinganisha spishi kadhaa za nyasi, ikiwemo Microchloa altera na ule ukoka wa kawaida, Cynodon dactylon, unaojulikana katika kila uwanja wa mpira wa Afrika Mashariki. Udongo uliongezewa chokaa katika sehemu fulani na mboji katika sehemu nyingine, kwa sababu mbili zinazokamilishana: chokaa hupunguza uchachu, na shaba katika udongo usio mchachu huyeyuka kwa shida, hivyo haifyonzwi na mizizi wala haichukuliwi na maji kwa wingi, mboji nayo huinasa shaba katika chembechembe zake na wakati huohuo hurudisha chakula cha mimea ambacho ardhi ilikuwa imekikosa. Ukoka ulihitaji msaada huo ili uishi, lakini Microchloa altera ilivumilia hata katika udongo ambao haukuongezewa kitu. Msafiri anayesimama leo mbele ya mashungi hayo, yasiyo na ua la kuvutia wala kimo cha kujivunia, hana budi kukiri kwamba utabibu wa ardhi hauna mandhari ya kupigia picha.

Chini ya nyasi hizo kuna kazi nyingine isiyoonekana, ambayo ni ya vijidudu. Udongo wenye afya una kuvu wanaoishi ndani ya mizizi, wakipokea sukari kutoka kwa mmea na kuuletea maji na fosforasi kutoka mahali ambapo mzizi wenyewe haufiki, na una bakteria wanaoozesha majani makavu na kuyarudisha kuwa rutuba. Udongo uliochomwa na asidi na shaba hupoteza sehemu kubwa ya viumbe hao, ndiyo maana kijiko cha mboji katika shimo la kupandia huleta pia mbegu ya uhai mdogo, mbali na chakula. Ni muhimu kueleza mpaka wa uwezo wa viumbe hawa, kwa kuwa mara nyingi hutajwa kana kwamba hula kila uchafu: mafuta ya petroli na dawa nyingi za wadudu ni misombo ambayo bakteria wanaweza kuivunjavunja hadi ikaisha, lakini shaba, risasi na kobalti ni elementi, na hakuna kiumbe anayeweza kuivunja elementi, isipokuwa kuibadili umbo ikawa rahisi au ngumu zaidi kuyeyuka.

Mfano wa mabadiliko hayo ulio karibu na wasemaji wa Kiswahili uko Kasese, magharibi mwa Uganda, ambako mgodi wa shaba wa Kilembe, uliofanya kazi kuanzia 1956 hadi 1982, uliacha lundo kubwa la mabaki yenye salfa na kobalti. Bakteria wanaojipatia nguvu kwa kuoksidisha chuma na salfa waliligeuza lundo hilo kuwa chanzo cha maji ya asidi yaliyounguza mimea kwenye njia yake kuelekea hifadhi ya Queen Elizabeth. Kisha tangu mwaka 1999 bakteria wa kundi hilohilo wakawekwa katika matangi ya kiwanda ili waiyeyushe kobalti ipate kukusanywa na kuuzwa. Viumbe walioeneza madhara porini ndio waliofanya kazi yenye faida tangini, na tofauti ililetwa na kuta za tangi pamoja na watu walioyasimamia maji yaliyotoka humo.

Huko Lubumbashi swali la usimamizi huonekana waziwazi zaidi kwenye bustani za mboga, kwa kuwa mji una njaa ya mboga mbichi, na mabonde yenye maji ya kumwagilia kiangazi ni yaleyale yaliyopokea mchanga na maji kutoka viwandani. Lengalenga, ambayo pwani huitwa mchicha, matembele na majani ya aina ya kabichi hustawi katika matuta yaliyonyooshwa vizuri, na akina mama huyavuna alfajiri na kuyapeleka sokoni yakiwa bado yanachuruzika maji. Mama mmoja mwenye bustani ya namna hiyo, alipoulizwa na mgeni kama anajua hali ya udongo wake, hakuacha kufunga mafungu yake, akajibu kwa upole: “Baba, tunajua bulongo ya huku iko na sumu, lakini batoto batakula nini?” Jibu hilo linabeba hali halisi ambayo vipimo vimeithibitisha, kwani uchunguzi wa Célestin Banza Lubaba Nkulu na wenzake uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta kobalti katika mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga kwa viwango vilivyo miongoni mwa vikubwa zaidi kupata kuripotiwa kwa raia wa kawaida, na tafiti zilizofuata zikaonyesha kuwa chakula kilicholimwa papo hapo na vumbi la nyumbani, hasa kwa watoto wanaocheza chini, ni njia kuu za kuingia kwake mwilini. Kuosha mboga huondoa vumbi la juu, na ndiyo maana kunafaa kusisitizwa, lakini hakuondoi kile kilichopanda kwa mizizi.

Hapa ndipo kulinganisha na nyumbani kunapokuwa na manufaa. Wapwani wanapotaja ardhi iliyofufuliwa hutaja Bamburi ya Mombasa, ambako machimbo ya mawe ya matumbawe yaliyotumiwa na kiwanda cha saruji tangu 1954 yalianza kupandwa miti mwaka 1971 chini ya René Haller. Mvinje ulifaulu pale kwa sababu mizizi yake hukaribisha bakteria wa Frankia wanaoigeuza naitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea, na majani yake magumu, ambayo mwanzoni yalirundikana bila kuoza, yakapata mlaji katika majongoo wakubwa walioletwa kuyasaga kuwa mboji, hata machimbo yale yakawa msitu wenye samaki na wanyama wanaotembelewa na wanafunzi. Lakini Bamburi ilikosa udongo tu na haikuwa na sumu, kwa hiyo kila kilichoota kingeweza kuliwa. Mfano unaoikaribia zaidi Penga Penga ni kijiji cha Owino Uhuru, huko huko Mombasa, ambako uyeyushaji wa betri chakavu uliacha risasi katika udongo na katika damu za watoto, na ambako mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 na mazingira yao yasafishwe. Kisa cha Bamburi huoneshwa wageni, na cha Owino Uhuru hutajwa zaidi mahakamani, ingawa ni hiki cha pili ambacho kingefaidika zaidi na elimu ya Katanga.

Kutoka Lubumbashi barabara hupanda kuelekea Likasi, umbali wa takriban kilomita 120, kisha huingia mkoa wa Lualaba na kufika Fungurume, na njiani huanza kuonekana vilima visivyo na miti, vimevaa nyasi na maua madogo katikati ya miombo iliyovizunguka. Mgeni hudhani kuwa miti imekatwa, kumbe vilima hivyo vimekuwa hivyo kwa maelfu ya miaka, kwa sababu mawe yake yana shaba na kobalti nyingi kiasi cha kuizuia miti, na juu yake imejijenga jamii ya mimea ya zaidi ya spishi 600, ambazo zaidi ya 30 kati yake hazipatikani mahali pengine popote duniani. Microchloa altera ya Penga Penga ilitoka katika vilima vya namna hii, na mbegu za majaribio yajayo zitapaswa kutoka hukohuko. Tatizo ni kwamba mmea unaoonyesha penye shaba humwonyesha pia mchimbaji, na kilima kinapofunguliwa kuwa mgodi mimea yake huondoka pamoja na udongo wa juu. Huko Fungurume jitihada zimefanywa za kukusanya mbegu, kuhamisha vipande vya ardhi pamoja na mimea yake, na kuyatenga baadhi ya maeneo yasiguswe, na jitihada hizo zinafaa kusifiwa, ila kilima kilichohamishwa kwa vipande hakina mawe yaliyokilea, na itachukua miaka mingi kujua kama jamii hiyo itajiendeleza.

Mazungumzo ya barabarani, katika vibanda vya kuuzia kinywaji cha munkoyo ambamo madereva, wachimbaji wadogo na wauza makaa hukaa benchi moja, mara chache hugusa mimea, lakini bei ya kobalti hujulikana kwa kila mtu, na bei hiyo ndiyo inayoamua hatima ya ardhi iliyotulizwa. Kilima cheusi cha Lubumbashi, kilichokuwa kikihesabiwa kuwa taka za tanuri, kilianza kuyeyushwa upya mwanzoni mwa miaka ya 2000 baada ya kutambuliwa kuwa kobalti iliyomo ina faida. Katika mji wa Kolwezi, mtaa wa Kasulo ulianza kuchimbwa chini ya vyumba vya kulala mwaka 2014 baada ya kobalti kugunduliwa humo, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 ukakuta vumbi la nyumba zake limejaa metali hiyo, ambayo watoto walikuwa nayo katika mkojo kwa viwango vikubwa. Kwa hiyo sumu iliyoachwa ardhini leo inaweza kuitwa mali kesho, na nyasi iliyotumia miaka mitatu kulifunga ganda la udongo hung’olewa kwa koleo katika asubuhi moja.

Elimu ya kutuliza udongo kwa mimea imekwisha kufika mahali pa kutumika, kwani nyasi inajulikana, kipimo cha mboji na chokaa kinajulikana, na wanafunzi wa Lubumbashi wanaoweza kuisimamia kazi hiyo wapo. Kinachokosekana ni hadhi ya kisheria ya ardhi iliyotulizwa, kwa maana bado inahesabiwa kuwa uwanja wa bure unaosubiri mnunuzi, ilhali kwa hakika ni ghala la sumu lenye mlinzi wa majani. Ardhi ya namna hiyo inapaswa kuandikwa katika ramani za mji, izuiwe kulimwa chakula na kuchimbwa upya, na wale walioilima wapewe mabonde mengine yaliyopimwa na kuonekana salama, kwa sababu kumkataza mama bustani bila kumpa nyingine ni kumrudishia swali lake la batoto bila jibu.